Mama mkwe anatia magadi kwenye maharage kwa siri. Nimwambie mume wangu?

Shangazi, shikamoo.

Naomba usiandike jina langu, maana mawifi zangu ni wasomaji wako.

Ninaishi Isevya, hapa Tabora mjini. Mume wangu ni Muha wa Kasulu, seremala. Mimi ni Mnyamwezi wa hapa hapa. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita na mdogo ana miaka minne. Baba mkwe alipofariki tulimchukua mama mkwe tukae naye, akaja na treni ya Kigoma akiwa na magunia yake mawili ya maharage na makopo yake. Ni mama mwema, sijawahi kukwaruzana naye, na sitaki nianze sasa.

Baba mkwe aliondoka kwa figo. Presha alikuwa nayo miaka mingi, dawa akizimeza siku akijisikia vibaya tu, hadi miguu ikavimba na tukaambiwa figo zimeshachoka. Mwaka jana mume wangu naye akakutwa na presha. Mara ya mwisho ilisoma 156 kwa 98. Aliogopa sana. Basi wifi yangu wa Kigoma mjini akamtumia video ya WhatsApp, mtu kavaa koti jeupe anasema magadi yanakausha figo na ndiyo yanayomaliza watu vijijini. Mume wangu aliirudia ile video usiku kucha. Asubuhi akatoka chumbani akasema mbele ya mama yake: "Kuanzia leo magadi yasiingie nyumba hii. Ndiyo yaliyomuua baba."

Shangazi, mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliyekuwa anampikia baba mkwe miaka yote hiyo ni nani kama si yeye? Siku hiyo hakula.

Shida ni kwamba maharage hayaivi. Ni yale ya magunia ya mama, ya msimu wa mwaka juzi, na tunapikia maji ya kisima cha uani kwa sababu ya bomba tunayabania, bili inauma. Yanabandikwa saa nne asubuhi, saa tisa bado yamekakamaa. Mkaa nao bei yake unaijua. Mimi nauza vitenge sokoni, kwa hiyo sufuria anabaki nalo mama. Ikafika wakati nikirudi nakuta maharage yamelainika, mchuzi mzito, rangi imekolea. Nilifurahi, nikadhani ni mkaa mzuri.

Siku moja nikawahi kurudi. Nikamkuta anafungua pindo la khanga, akatoa bonge la magadi, ukubwa wa kidole gumba, akalitumbukiza. Tukatazamana. Akasema, "Sasa mwanangu, nipike vipi?" Sikujibu. Nikaingia ndani kubadili nguo. Tangu hapo hatujaligusa jambo hilo, na yeye anaendelea.

Mume wangu anakula na kusifia, huku akinyunyiza chumvi juu, maana yeye bila chumvi ya mezani chakula hakishuki. Mama mwenyewe anakula taratibu, magego yameisha. Jioni hukoroga magadi kidogo kwenye maji ya vuguvugu kwa ajili ya kiungulia chake, na hilo pia mume wangu halijui. Zamani Kasulu alikuwa anachemsha sabuni za mawese, na makopo yake bado anayo, moja la magadi ya kula, jingine la dawa ya sabuni. Yako rafu moja jikoni, ila yeye anayajua.

Wifi anashauri tutumie maji ya majivu ya maganda ya maharage kama zamani, kwamba hayo ni ya asili na hayana kemikali.

Nikimwambia mume wangu, najua atamkosea mama yake adabu, au atamkatia tiketi ya kurudi Kasulu. Nikinyamaza na figo zake zikaharibika, nitamtazamaje? Na sisi Wanyamwezi mlenda bila magadi hatuujui, na bibi yangu ameishi hadi uzee mrefu. Hivi ni kweli ndiyo yaliyomuua baba mkwe?

Mkazamwana, Isevya

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mama, kabla ya mume, kabla ya figo: yale makopo. Leo hii kabla jua halijazama, kopo la dawa ya sabuni litoke jikoni. Likae nje, juu, mahali panapofungwa, na liandikwe kwa maandishi makubwa. Kama ni kostik soda, ile ya punje au vipande vyeupe inayotumiwa na wachemsha sabuni, hiyo haina undugu na magadi ya kula. Tone lake huunguza mdomo na koo, na mtoto akilamba anaweza kubaki na umio uliosinyaa maisha yake yote. Mama anayajua makopo yake, sawa, lakini mwanao wa miaka minne hayajui, wala wewe siku ukipika kwa haraka na taa imekatika. Likitokea la kutokea, asitapishwe. Asuuzwe mdomo kwa maji, akimbizwe hospitali na kopo lenyewe mkononi. Katika barua yako yote hapa tu ndipo nakuamuru. Kwingine tutazungumza.

Nikikuelewa vizuri, umeniletea maswali mawili yaliyofungwa kitambaa kimoja. La kwanza ni la jikoni: magadi yana madhara au hayana? La pili ni la msiba: je, mama alimuua mumewe kwa mkono wake bila kujua? Mume wako ameyachanganya kwa sentensi moja asubuhi ile, na tangu hapo hakuna anayeweza kutamka neno magadi nyumbani kwenu bila kumgusa marehemu.

Nianze na la msiba. Ulichoniandikia kuhusu baba mkwe ni historia ya presha isiyotibiwa. Miaka mingi ya presha, dawa za kuokota siku akijisikia vibaya, kisha miguu kuvimba, ndivyo figo zinavyochoka mara nyingi, na presha na kisukari ndivyo vinara wa ugonjwa huo. Presha haiumi, kwa hiyo mtu huacha dawa akidhani amepona, kumbe figo zinaendelea kulika kimya kimya. Je, magadi yalichangia? Yana sodiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye chumvi, na sodiamu nyingi hupandisha presha, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba hayakuwa na mkono kabisa. Lakini kutoka hapo hadi kusema yaliua ni safari ndefu, na yule wa koti jeupe kaikatisha kwa dakika chache bila kumpima marehemu wala kuuliza alikuwa anakunywa dawa zipi, anakula chumvi kiasi gani, anameza vidonge vya maumivu mara ngapi. Hukumu ya namna hiyo mimi siiwezi. Sidhani hata daktari aliyemtibu angeithubutu.

Sasa jikoni. Magadi tunayoyala ni madini yanayogandamana kwenye maziwa ya bonde la ufa, kama Natron na Eyasi kule kaskazini. Yanalainisha maharage kwa sababu ganda na nyama ya punje vimeshikanishwa na kitu kama gundi, na gundi hiyo inakazwa na chokaa. Magadi huidhoofisha gundi na kuiondoa ile chokaa. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi hufanya kinyume chake: huikaza zaidi. Jaribu kufulia maji ya kisima chenu. Kama sabuni haitoi povu upesi, basi mnapikia maji magumu, na punje ya mwaka juzi iliyokaa kwenye gunia wakati wa joto nayo hukakamaa yenyewe. Mnachanganya mawili hayo kisha mnashangaa saa tisa. Mama hakuwa mkaidi hapo, mwanangu. Alikuwa anatibu ugonjwa wa maji yenu kwa dawa anayoijua.

Swali ni kipimo. Magadi safi, karibu asilimia 30 ya uzito wake ni sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chai. Kijiko cha chai cha magadi kwenye sufuria la watu watano kama ninyi kinampa kila mmoja kama gramu 0.3. Si haba, lakini si balaa. Bonge la kidole gumba ni jambo jingine. Laweza kuwa na gramu 25, na hizo ni gramu 1.5 za sodiamu kwa kila sahani, robo tatu ya posho ya siku nzima, kabla chumvi ya mchuzi haijaingia na kabla mume wako hajainua kichupa chake.

Na hicho kichupa sikipiti kimya kimya. Mwanaume anapiga marufuku magadi asubuhi, kisha jioni anamwagia chumvi juu ya maharage yaliyokwisha kukolea! Simcheki, woga humfanya mtu apambane na adui aliye mbali. Lakini kama tunazungumzia presha yake kweli, chumvi ya mezani, samaki wakavu wa chumvi na vile viungo vya pakiti vina haki ya kuitwa kwenye kikao hicho hicho.

Kuna mambo mengine mawili ambayo video haikuyasema, nami nayaona ya maana kuliko kukausha figo. Kwanza, magadi huharibu vitamini B1 ya maharage, na kwenye mboga za majani huondoa sehemu ya vitamini C huku rangi ikibaki ya kijani inayovutia macho. Nyumba inayokula maharage karibu kila siku ingefaa isiipoteze hiyo B1. Pili, floraidi. Miamba ya volkano kule magadi yanakotoka ina floraidi nyingi, na waliopima magadi ya masokoni hapa Tanzania wamekuta tofauti kubwa mno, fungu moja likiwa na kidogo sana na jingine likiwa limejaa. Wameonekana watoto wenye meno ya madoa ya kahawia hata sehemu ambazo maji yake hayana floraidi nyingi, na magadi ya chakula yakashukiwa. Floraidi haionekani, haina ladha, wala haitoki kwa kuchemsha. Mtu mzima meno yake yameshakomaa. Mwanao wa miaka minne, meno yake ya ukubwani ndiyo yanajengwa sasa ndani ya ufizi, na kazi hiyo huendelea hadi kama miaka minane. Kwangu mimi, mtu wa kwanza wa kufikiriwa kwenye sufuria lile ni huyo, si baba yake.

Bibi yako na mlenda wake sina ugomvi nao. Pengine alitia chembe, pengine chumvi ilikuwa adimu kwake, pengine presha haikuwa ya ukoo wenu. Bibi mmoja aliyeishi sana hatuambii mengi, kama vile baba mkwe mmoja aliyefariki asivyotuambia mengi.

Wifi yako na majivu, hapo napata wasiwasi kidogo. Majivu ya maganda na mabua hutoa zaidi potasiamu kuliko sodiamu, na kwa mtu mwenye figo nzima hilo si baya. Lakini figo zikishapungukiwa nguvu, potasiamu hurundikana kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Zipo pia dawa za presha ambazo zenyewe huipandisha. Katika ukoo uliokwisha kuzika mtu wa figo, kabla figo za mume wako hazijapimwa, nisingelikimbilia jambo hilo kwa sababu tu limeitwa la asili. Magadi nayo ni ya asili. Bekingi soda ya dukani, ukitaka kujua, haina shaka ya floraidi kama magadi ya ziwani, lakini sodiamu iko pale pale na B1 inaondoka vile vile.

Sasa turudi kwa mama. Kuna sentensi umeiandika kwa kupita, kwamba magego yameisha. Umeichukulia siri yake kuwa ni kuvunja amri ya mwanawe. Inawezekana. Lakini jiulize pia: maharage yaliyokakamaa, yeye anayatafunaje? Mzee asiye na magego kwenye nyumba ya maharage magumu ana njia tatu: alale na njaa, aombe apikiwe chake, au alainishe sufuria. Wazee wetu kuomba kupikiwa peke yao ni vigumu, hasa mjini, hasa kwa mkwe. Na lile swali lake, "Nipike vipi?", wewe ulilisikia kama kujitetea. Mimi nalisoma nikaona huenda alikuwa anauliza kweli, na hajajibiwa hadi leo.

Kwa hiyo ile dhana kwamba njia ni mbili tu, kusema kwa mume au kunyamaza, naomba uitazame tena.

Ukimwambia mume wako sasa hivi, utakuwa umetua mzigo, na ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake. Hatari yake umeitaja mwenyewe: hasira zake si za magadi, ni za baba yake, na zitamwangukia mama. Tiketi ya Kasulu ikikatwa kwa hasira ni vigumu kuirudisha.

Ukinyamaza, amani itaonekana ipo. Lakini kuna jambo halionekani kwa haraka. Siku akienda kliniki na presha haijashuka, atasema kwa moyo mweupe kwamba nyumbani wameacha magadi. Mhudumu ataamini dawa haimtoshi, ataongeza dozi. Maana yake matibabu yanajengwa juu ya habari isiyo sahihi. Na akija kujua baadaye, atajua pia kwamba wewe ulijua.

Ipo njia ya kuanzia kwa mama mwenyewe. Si kumshika ugoni, maana mlishatazamana, inatosha. Kaa naye mkichambua maharage, umwambie kwamba umefikiria lile swali lake na umepata majibu. Maharage mapya badala ya yale ya gunia, au angalau yale ya gunia yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na hayo yanapunguza gesi tumboni pia. Sufuria la maharage lipikiwe maji ya bomba. Bili ya ndoo moja hiyo iweke kando ya bei ya mkaa wa saa tano, halafu uniambie ipi inauma. Nyanya, ndimu na ukwaju viingie punje zikishalainika, maana uchachu huzikaza. Yachemke kwa nguvu dakika 10 angalau kabla ya kupunguza moto, kwani maharage mabichi yana sumu yake inayotaka moto mkali. Mkiweza kununua presha kuka ya umeme, hata kwa kudunduliza, hula chini ya uniti moja kupika sufuria moja la maharage ya nyumbani, na huyalainisha hadi ya mzee kutafuna kwa ufizi. Hatari ya njia hii ni kwamba mama anaweza kukataa, au akakubali usoni na pindo la khanga likabaki na bonge lake. Hilo likitokea, ndipo mazungumzo ya watatu yatakapokuwa hayakwepeki, na heri mama awe ndiye anayeanza kusema mwenyewe kuliko kushitakiwa.

Wengine hupika masufuria mawili. Kwa mkaa wa sasa sijui kama mtaweza, na mama anaweza kuhisi ametengwa na sahani ya wajukuu. Au mnaweza kukubaliana kwamba magadi yabaki kwa mlenda wa siku mojamoja, kwa ncha ya kijiko, mtoto akipakuliwa mboga nyingine. Kila nyumba ina mizani yake. Ninyi mnaijua yenu.

Kuhusu ile kauli ya asubuhi, mume wako ndiye mwenye deni, lakini huenda hajui kama analo. Alikuwa anajihofia yeye. Kuna jioni atakuwa ametulia, amekula, hana haraka ya karakana. Unaweza kumwambia tu kwamba siku ile mama hakula. Usiongeze kitu juu yake. Akiuliza kwa nini, mwambie unavyodhani. Kama utaona huyo si mtu wa kuambiwa na mkewe mambo ya mama yake, yupo wifi yako, ambaye kwa nia njema ndiye aliyeileta video. Naye alimzika baba huyo huyo. Pengine yeye akisikia mama alivyolipokea jambo hilo, atakuwa msaada kuliko unavyotarajia.

Mwisho, kliniki, na nendeni wote watatu kama mnaweza. Mume wako aombe apimwe protini kwenye mkojo na kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu, aeleze kwamba baba yake alifariki kwa figo. Ndiyo njia ya kujua hali ya figo zake badala ya kubahatisha kwa video. Mama naye apimwe presha. Kile kikombe chake cha magadi cha jioni kweli hutuliza asidi, ndiyo maana anakipenda, lakini ni sodiamu nyingine juu ya ile ya sufuria, na kiungulia cha kila siku kwa umri wake kinafaa kitazamwe na daktari. Mwombe akitaje yeye mwenyewe atakapoulizwa anatumia dawa gani. Asipokitaja, kitaje wewe.